Nusu Hatua

Nzilani alikuwa amemaliza kulia huko mjini Wote, kwenye chumba alichopanga nyuma ya duka la mbegu na dawa za mifugo alikoajiriwa. Alipokanyaga Kabati siku hiyo ya soko macho yalikuwa makavu na uamuzi ulikuwa tayari. Angeacha karate. Angeolewa na Mulinge. Basi.

Kabati ni mahali padogo, na mdomo wa Kabati hauna kufuli. Wauza nyanya walimwona akipita, wakanyamaza, kisha wakaanza tena akishawapa mgongo. Huyo ndiye. Huyo ndiye aliyempiga teke kijana wa Mama Mulinge mpaka jicho likafa, na walikuwa wachumba, hebu fikiria. Nzilani alisikia yote. Hakugeuka. Mtu anayejihukumu mwenyewe kila asubuhi hashtuki akisikia majirani nao wamekaa kikao.

Wacha nikuweke sawa, maana hadithi hii imepita kwa watu wengi na kila mmoja ameitia chumvi yake.

Nzilani na Mulinge walianza karate wakiwa wadogo, meno ya mbele yakiwa bado hayajarudi. Mwalimu wao alikuwa Kyule, dereva wa lori mstaafu aliyejifunzia mchezo huo Mombasa akarudi nao nyumbani. Aliwafundisha katika ghala kuukuu la nafaka, sakafu ya simiti, miguu mitupu. Walikua pale. Mikanda ilibadilika rangi viunoni mwao, na moyoni nako kitu kikabadilika, ila kwa miaka mingi hakuna aliyekitaja. Teke la Nzilani lilijulikana hadi Kitui mjini. Lile la mzunguko: goti linainuka kwanza, kisigino cha mguu uliobaki chini kinageuka, nyonga inafuata, halafu mguu unakuja kwa ubavu kutafuta kichwa cha mtu. Na hapo ndipo ufundi ulipo, kwa sababu unatakiwa usimame. Mwalimu Kyule alikuwa akisema, "Ngozi isikie upepo, isisikie mguu. Teke usiloweza kulisimamisha si lako."

Siku ya mtihani wa mkanda mweusi, kwenye ukumbi mmoja Wote, mbele ya watahini waliotoka Nairobi, Nzilani alipangiwa kupambana na Mulinge. Akainua goti, akageuza nyonga, mguu ukaenda. Haukusimama. Ulimpata Mulinge kwenye jicho la kushoto, akaanguka kama gunia. Hospitali zikajaribu, na nuru haikurudi. Nzilani akaanguka mtihani kwa kukosa kuutawala mguu wake, na neno hilo akalibeba kifuani tangu mwezi wa nne hadi siku hii ninayokusimulia.

Mama Mulinge alikuwa nyuma ya nyumba, ungo mapajani, akichagua ndengu.

"Hodi hapa."

"Karibu," akasema bila kuinua kichwa. Kisha akakiinua. "Ni wewe."

"Ni mimi, mwaitu."

Alimwita hivyo, mama kwa Kikamba, tangu alipokuwa msichana wa kuja kumwita Mulinge wakimbie mazoezini. Neno lilikuwa lilelile.

"Kaa. Si utaanguka ukisimama kwa jua." Akamsogezea kigoda kwa mguu. "Mulinge hayuko. Ameenda karakana kuangalia watu wakichomelea milango yake. Yeye siku hizi ni wa kupaka rangi. Chuma imekataa. Akitaka kuunganisha hapa, moto unashika pale."

Mulinge alikuwa fundi wa milango ya chuma ambaye watu walitoka mpaka Mutomo kumtafuta.

"Sikuja kwa Mulinge. Nimekuja kwako."

"Haya. Mimi niko."

"Ulisema nikiacha karate, mbuzi wataenda kwetu."

"Nilisema."

"Nimeacha."

Mama Mulinge aliacha kuchagua ndengu. Alimtazama msichana yule kwa muda, kutoka kwenye kitambaa cha kichwa mpaka kwenye viatu. Kwenye viatu akakaa zaidi.

"Umeacha ama umepumzika? Kuna kuacha na kuna kupumzika. Mjomba wake Mulinge huacha pombe kila Januari."

"Nimeacha, mwaitu. Mwalimu Kyule aliniita nirudie mtihani mwezi wa nane. Nimemwambia hapana."

"Akasema nini?"

"Alikata simu."

Mama Mulinge akaguna. Alipuliza makapi, akatingisha ungo, akapuliza tena pasipo na kitu cha kupulizwa.

"Mimi sikuchukii," akasema hatimaye. "Nataka ulijue hilo. Kila Jumapili kanisani huwa nakuombea. Halafu nikifika katikati nakumbuka jicho, nanyamaza. Nafikiri Mungu ameketi pale anangoja nimalize."

"Najua."

"Hujui. Utajua ukizaa." Sauti yake ilianza kupanda, akairudisha chini. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Niliwaambia mkiwa watoto, hii mambo ya kuinamia ukuta na kupiga makelele si ya watoto wa kanisa. Hamkusikia. Lakini wewe hukuvunjika guu, Nzilani. Kilichovunjika ni kitu cha mwanangu."

Nzilani aliinamisha kichwa akaangalia ndengu, na machozi aliyodhani ameyamalizia Wote yakampata palepale.

Mwanamke akimwona mwanamke mwenzake analia kimyakimya, hata kama ana kisirani, kuna kitu humlegea ndani. Mama Mulinge aliweka ungo chini. Akatoa pembe ya leso yake akampanguza uso, kwa nguvu, kama anayemwosha mtoto mkaidi.

"Wacha. Inatosha. Jumamosi nitamwambia mjomba wake apeleke mbuzi wa ntheo. Akiwa hajalewa."

Basi, mbuzi wa ntheo kwa Wakamba si mchezo. Wakishafungwa kwenye boma la baba wa msichana, huyo ni mke wa watu, hata kama harusi ya kanisa itangoja. Nzilani alikuwa ameisubiri kauli hiyo miaka. Alifikiri siku atakayoisikia ataruka. Badala yake alihisi miguu yake ikiwa mizito, miguu ya mtu mwingine aliyoazimwa tu afike nayo nyumbani.

Mulinge aliwafikia huko nyuma kabla hawajanyanyuka. Kijana mrefu, mabega ya kazi, rangi ya kijani imemkaukia vidoleni. Jicho lake la kulia lilimwona Nzilani likawaka. La kushoto lilibaki limetulia mahali pake, halimfuati mwenzake.

"Nzilani. Hukuniambia unakuja."

"Nilitaka kuongea na mama kwanza."

"Na ameongea vizuri," Mama Mulinge akadakia, uso umefunguka kwa mara ya kwanza. "Kaa chini unywe chai, usikie mambo mazuri. Ameacha ile karate yenu. Kabisa. Jumamosi mbuzi wanaenda kwa baba yake, Mzee Kaveke."

Mulinge alikuwa ameshika chupa ya chai iliyokuwa kando ya mama. Siku hizi hamimini chai hivihivi; huweka kwanza mdomo wa chupa kwenye ukingo wa kikombe, akasikia vimegusana, ndipo anainamisha. Alisikia vimegusana. Hakuinamisha.

"Umeacha?"

"Nimeacha."

"Kwa sababu yangu."

"Kwa sababu yetu," Nzilani akasema, akajaribu kutabasamu. "Hufurahi?"

Mulinge akarudisha chupa chini polepole. Nzilani alimjua mtu huyu. Aliijua shingo yake akiwa na hofu, aliyajua mabega yake akiwa na uongo. Aliona rangi ya uso ikimtoka.

"Twende tutembee kidogo," Mulinge akasema.

"Mpeleke lakini mrudi mle," mama akamwambia. "Nimepika muthokoi. Leo hakuna wa kuondoka hapa na njaa."

Walikwenda ghalani bila kuambiana kwamba ndiko wanakokwenda. Miguu ilijua. Mlangoni wakavua viatu, maana hata ukilia, hata ukifiwa, huingii kwa mwalimu Kyule na viatu. Mulinge akainama kwa heshima kama desturi. Nzilani hakuinama. Alijiambia ameshaacha, na aliyeacha hainami.

Ndani palikuwa patupu. Jua liliingia kupitia matundu ya mabati.

"Siku ile Wote," Mulinge akaanza, "unakumbuka nini?"

"Kwa nini unaniuliza hivyo, Mulinge? Leo?"

"Niambie tu."

"Nakumbuka kila kitu. Nakumbuka mguu wangu ukigonga mahali ambapo hapakufaa kuwa na mtu."

"Hapakufaa kuwa na mtu." Akalirudia neno hilo kama anayelionja. "Ni kweli. Kwa sababu mimi huwa nimeshaondoka."

"Sielewi."

"Huwa narudi nyuma. Nusu hatua. Wewe ukiinua goti tu, kabla hujageuza nyonga, mimi nimeshasonga. Tangu tukiwa mkanda wa kijani."

Nzilani akacheka kidogo, cheko la mtu asiyetaka kuelewa. "Kila mtu husonga. Ndiyo kujikinga."

"Kujikinga ni kusonga ukiona teke linakuja. Mimi nilisonga kabla. Nilikuwa nakuachia nafasi." Alikuwa akiiambia sakafu, si yeye. "Unakumbuka ulinipasua mdomo hapa? Pale karibu na mlango. Kidogo tu. Damu ilikuwa yangu, lakini wewe ndiye uliyelia. Ukasema hutarudi tena hapa. Ulikaa nyumbani wiki nzima, Nzilani, na mimi nikaona hakuna maana ya kuja. Uliporudi nikaapa hutanigusa tena. Nikaanza kusonga. Mguu wako ukawa unafika vizuri, unasimama vizuri, mwalimu anaita watu, 'Njooni muone Nzilani.' Nawe unacheka. Mimi nilikuwa nangoja kicheko tu. Sikufikiri kingine."

Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Waliosema hivyo walikuwa wanasema juu ya mzazi na mtoto, lakini penzi nalo lina udekezaji wake, na bei yake ni hiyohiyo.

Nzilani aliketi chini. Kichwani mwake mateke ya miaka yote yalianza kupita, moja baada ya lingine, na katika kila moja alimwona kijana huyu akirudi nyuma kimyakimya. Mguu wake ulikuwa umejifunza umbali ambao haukuwepo. Ulijifunza kufika mahali ambapo mtu huwa hayupo tena.

"Na Wote?" akauliza. "Wote ulifanya nini?"

"Wote nilisimama."

"Kwa nini?"

"Asubuhi ile tukifunga mikanda, ulinishika mkono. Ukaniambia, 'Leo usinihurumie.'"

"Nilikuwa nakutania."

"Najua. Ulikuwa unacheka. Lakini iliniingia, Nzilani. Niliona aibu. Nikasema, huyu anaenda kuchukua mkanda mweusi, wacha achukue wake kweli, usiwe wa kupewa na mimi. Mara moja tu nisimame kama vile angesimama mwanaume mwingine yeyote. Nikasimama."

Upepo ulitikisa bati moja. Nzilani alikumbuka alivyokuwa akijifungia nyuma ya duka kule Wote, katikati ya magunia ya mbegu, akiinua mguu mbele ya ukuta, akitafuta ni wapi ulikoharibika. Ukutani ulikuwa ukisimama. Kila mara ulisimama. Akalia kwa kutoelewa, akajiita muuaji wa macho, akaacha kula, akakonda mpaka mwenye duka akamuuliza kama ana ugonjwa.

"Ulijua," akasema polepole. "Toka siku ile ulijua."

"Nilijua."

"Nilikuja hospitali nikapiga magoti kando ya kitanda chako. Ukanishika kichwa. Ukasema umenisamehe." Akainua uso. "Umenisamehe nini, Mulinge?"

Mulinge akatazama mlango.

"Nakuuliza. Uliponiambia umenisamehe, ulikuwa umenisamehe kitu gani?"

"Niliogopa."

"Jicho limekufa tayari. Ni nini tena uliogopa?"

"Hiyo sura unayoniangalia nayo sasa."

Nzilani akainuka. Hasira ilikuwa imempata, na wewe hujawahi kuona hasira ya mtu mpole. "Miezi yote hii umeniangalia nikibeba huu mzigo. Mama yako ananiangalia miguu kama nyoka. Watu wa soko wananinyooshea kidole. Mwalimu Kyule aliniambia mbele ya watu kwamba mguu wangu hauna adabu, nikasema ndiyo mwalimu. Na wewe upo, unanyamaza, unanitumia meseji usiku eti pole mpenzi usijilaumu. Si ungesema tu."

"Ndiyo nasema."

"Kwa nini leo?"

"Kwa sababu ulikuwa unaacha." Sasa Mulinge naye alikuwa analia, jicho moja na lile lingine sawasawa, maana machozi hayajui lipi linaona. "Kujilaumu kwako nilivumilia. Kuninyamazia nilivumilia. Lakini niliposikia umeacha, na mama anafurahi, na mbuzi wanaenda, niliona nitakuoa nikiwa nimekunyang'anya. Karate ndiyo wewe. Nitalala vipi na mtu nimemwibia?"

Alikuwa amesema maneno mazuri, na Nzilani alimpenda kwa maneno hayo. Hilo ndilo lililomuuma zaidi. Alimpenda palepale alipotaka kumchapa kofi. Alimkaribia, akampanguza uso kwa kiganja, taratibu, kama kwamba jicho la kushoto bado linauma.

"Utarudia mtihani," Mulinge akamwambia. "Utasimama na mtu mwingine, utajifunza upya. Mimi nitamwambia mama ukweli, atakasirika, atapoa. Mbuzi wataenda hata mwakani. Nzilani, tutaoana. Si ndiyo?"

Nzilani akarudi nyuma, akatafuta umbali wake, umbali wa zamani.

"Simama hapo."

"Nzilani."

"Simama tu. Usisonge. Sitakugusa. Nimefanya na ukuta Wote, nimeujua sasa mwisho wa mguu wangu. Nataka nijue kama naweza kukufikia wewe mwenyewe, si mahali ulipoondoka. Unaniamini?"

"Nakuamini."

"Hutasonga?"

"Sisongi. Wallahi... Haki ya Mungu, sisongi."

Akasimama wima, mikono chini, jicho zima likimtazama. Nzilani alivuta pumzi. Akainua goti. Kisigino kikageuka kwenye simiti, nyonga ikafuata, na mguu ukaja wa upole, wa polepole kiasi kwamba hata mtoto angeuona, ukaenda kutafuta shavu lake. Ukasimama pale ulipotaka kusimama.

Kati ya mguu na shavu palibaki nafasi ya kupitisha mkono mzima.

Mulinge alitabasamu. "Umeona? Umesimama. Sikusonga."

Nzilani aliuteremsha mguu. Alielekeza macho sakafuni tu, na Mulinge akafuata macho yake. Vumbi la ghala lilikuwa jepesi, halijafagiwa tangu Jumamosi, na mbele ya vidole vya Mulinge palikuwa na alama safi ya unyayo, mahali alipoapa kwamba hatatoka.

Alikuwa ameshasonga. Hakujua hata yeye.

"Nitajifunza," akasema haraka. "Ni mazoea. Nitajifunza kukaa."

"Mulinge."

"Ni mwili tu, Nzilani, si mimi."

"Ni wewe." Alisema kwa upole kiasi kwamba lilikuwa kama bembelezo. "Ndivyo unavyopenda. Hujui njia nyingine. Ukinioa, utaniachia. Nikikosea utasonga. Nikisema neno baya utasonga, utacheka, utasema hakuna shida. Mimi nitaendelea kufika mbali zaidi, na sitajua, kwa sababu hutaniambia. Halafu siku moja utachoka, utasimama, na mimi nitakuumiza tena kwa nguvu zangu zote, nikifikiri nacheza."

"Kupendana si ni kuachiana?"

"Sijui. Labda kwa wengine." Alifunika uso. "Mimi sitaki tena kumpiga mtu nisiyejua yuko wapi. Nakupenda sana. Sijapenda mtu mwingine na sijui kama nitapenda. Lakini siwezi."

Walishikana katikati ya ghala lile wakalia kama watoto wawili waliopotezwa sokoni. Hakuna aliyemlaumu mwenzake tena. Lawama zilikuwa zimeisha, na afadhali zingebaki, maana mtu wa kumlaumu ni rahisi kumwacha.

"Basi wacha nimwambie mama," Mulinge akasema mwishoni, sauti imemkauka. "Angalau ajue si wewe."

"Usimwambie."

"Anakuchukia bure."

"Ana mtu wa kukasirikia, ndiyo maana anaweza kulala. Ukiniondoa mimi, atabaki na nani? Atakuangalia wewe kila ukimimina chai, ajue ulijitoa jicho mwenyewe kwa sababu ya msichana. Hiyo itamuua, Mulinge. Wacha iwe mimi."

"Nzilani, hapana."

"Mara hii ndiyo unisikie. Usinyamaze kwa woga. Nyamaza kwa sababu nimekuomba."

Akavaa viatu. Mulinge alibaki ndani.

Mama Mulinge alikuwa ameshapakua. Sahani zilikuwa mezani, muthokoi unatoa mvuke, na alikuwa amebadilisha leso akavaa ile ya kanisani.

"Mwenzako yuko wapi?"

"Anakuja nyuma, mwaitu."

"Haya, kaa. Nimempigia mjomba wake. Anauliza baba yako anapenda mbuzi wa rangi gani."

Nzilani alishika mgongo wa kiti. "Mwaitu, wasilete mbuzi."

Kijiko kilichokuwa mkononi mwa mama kilitulia. Kuku mmoja akaingia, akatazama, akatoka.

"Ni hiyo karate?"

Hapo ndipo Nzilani alipomwona Mulinge amefika mlangoni, mdomo umefunguka, neno liko tayari kwenye ulimi. Akamtazama. Jicho zima lilikutana na macho yake, na kwa mara ya kwanza katika maisha yao Mulinge alisimama pale aliposimama, asisogee upande wowote, akaliacha neno la Nzilani lije kama teke.

"Ni karate," Nzilani akasema. "Nimeshindwa kuiacha."

Mama Mulinge alivuta pumzi ndefu. Uso wake ulijikunja, ukanyooka, ukawa mzee kuliko asubuhi.

"Nilijua," akasema. "Nilikuuliza kama umeacha ama umepumzika." Kisha akavuta kiti kwa mguu. "Kaa ule. Nilisema hakuna wa kutoka kwangu na njaa."

Nzilani akaketi. Alikula kijiko baada ya kijiko, machozi yakimdondokea kwenye sahani, asiyapanguze, na alipoimaliza, yule mama aliyekuwa karibu kuwa mama yake alimwongezea mwiko mwingine bila kumuuliza na bila kumtazama.